Dumu Moja la Maji Baridi: Kusuuza Mashine ya Boti Mahali Pasipo na Bomba

Mashine inayopachikwa nyuma ya boti haina rejeta. Inapozwa na maji inamofanyia kazi. Pampu ndogo ya mpira iliyo mguuni mwake, juu kidogo ya propela, huyanyonya maji ya bahari, huyapandisha kwa mrija hadi kwenye kichwa cha injini, huyapitisha kando ya silinda, kisha huyashusha na kuyatoa pamoja na moshi. Kwa sababu hiyo mashine ya mipigo miwili ya nguvu-farasi 15 haizidi sana kilo 40 na kijana mmoja mwenye nguvu huibeba begani, na ile ya 40, yenye kilo 70 na ushei, hubebwa na wawili kwa mti. Kwa sababu hiyo hiyo, kila safari huacha chumvi ndani.

Lita moja ya maji ya bahari yetu ina takriban gramu 35 za chumvi. Mashine ikizimwa, maji yaliyokwama kwenye kona za njia zake hukaushwa na joto la chuma, chumvi ikabaki. Dawa yake inajulikana: pitisha maji baridi ndani kila unaporudi kutoka maji chumvi. Kila kitabu cha mashine kimeandika hivyo, na kutoka Kizingitini hadi Mtwara hakuna nahodha asiyelijua. Hata hivyo ukipita kwenye madiko jioni, vyombo vinaporudi, utaona mashine moja baada ya nyingine ikiinuliwa, ikifunikwa turubai na kuachwa na chumvi yake mpaka alfajiri, au mpaka wiki ijayo.

Ni rahisi kusema mabaharia ni wavivu. Mimi sikubali. Njia ya kusuuza inayoelezwa vitabuni ilitungwa kwa mtu ambaye boti yake iko juu ya trela, trela iko uani, na uani kuna bomba linalotoka maji saa zote. Mvuvi wa Pate, Kojani au Songosongo ana boti iliyofunga nanga mita mia mbili kutoka ufukweni kwa sababu maji yamekupwa, ana samaki wanaosubiri mnada, na maji baridi yaliyo karibu naye ni yale ambayo mke au binti yake ameyabeba kichwani kwa ajili ya kupikia. Ukimwambia awashe mashine ndani ya pipa la lita mia ya maji hayo, unamwambia jambo la aibu. Kwa hiyo swali la kurahisisha kazi hii linaanzia kwenye kiasi cha maji na umbali wake. Vifaa vinafuata baadaye.

Hata asili ya mashine hizi ni maji baridi. Ole Evinrude, fundi mzaliwa wa Norwe, alianza kuuza mashine yake mwaka 1909 mjini Milwaukee, Marekani, kando ya Ziwa Michigan. Wengine walikuwa wamemtangulia, lakini yake ndiyo iliyoenea, na iliundwa kwa watu wa maziwa na mito. Bahari ilikuja baadaye pamoja na aloi bora za aluminiamu, rangi ngumu na vipande vya zinki vya kujitolea kuliwa badala ya mwili wa mashine. Wahandisi wamefanya kazi kubwa, lakini njia ya maji ndani ya injini imebaki ile ile, na haipakwi rangi.

Tuangalie kinachotokea humo. Fundi akifungua kifuniko cha thamostati cha mashine iliyokaa baharini miaka kadhaa bila kusuuzwa, kazi yake ya kwanza huwa ni kupigana na boliti. Boliti ni za chuma cha pua, mwili ni aluminiamu, na metali hizi mbili zikikutana ndani ya maji chumvi ile dhaifu huliwa. Unga wa kutu nyeupe hujaa kwenye hesi na kuzishika. Fundi hupasha moto, hugonga taratibu, huzungusha kidogo mbele na kidogo nyuma, na bado moja au mbili hukatika kichwa. Kifuniko kikitoka, ndani kuna ukoko mweupe mgumu kama wa birika la chai la zamani. Tundu lililokuwa likiingiza kidole sasa linaingiza njiti ya kiberiti. Thamostati, ambayo hutakiwa kufunguka joto likifika kati ya nyuzi 50 na 60, imekwama nusu. Akikwaruza ukoko kwa ncha ya bisibisi, chini yake hutokea vishimo vidogo vya kijivu, na hapo ndipo fundi hunyamaza kidogo, kwa sababu ukoko unaweza kuondolewa lakini vishimo ni aluminiamu iliyokwisha kuondoka.

Humo ndani kuna maadui wawili, na watu wengi huwachanganya. Wa kwanza ni chumvi ya kawaida. Hii huyeyuka upesi: lita moja ya maji baridi inaweza kuyeyusha gramu 350 na zaidi, yaani mara kumi ya zile zilizomo kwenye lita ya bahari. Adui wa pili ni chokaa. Maji ya bahari yana kalisi, na kalisi hiyo hugandamana kwenye kuta zenye joto kali. Maji baridi hayaiyeyushi. Chokaa inahitaji asidi dhaifu kama siki, iliyochanganywa na maji, iliyoachwa muda mfupi, kisha ikasuuzwa vizuri kwa sababu siki nayo ikikaa huidhuru aluminiamu. Kusuuza hupambana na chumvi. Dhidi ya chokaa kinga kubwa ni mashine isipate joto kupita kiasi, na hiyo ni kazi ya pampu ya maji yenye mpira mzima. Baharia anayesuuza kila siku lakini hajabadilisha mpira wa pampu kwa miaka mitatu bado atafika kwa fundi.

Jambo jingine husaidia kuelewa ushahidi wa wavuvi wenyewe. Wengi husema mashine inayofanya kazi kila siku huishi kuliko ile ya mtalii inayotoka mara moja kwa mwezi. Wana haki. Chumvi iliyokauka usiku huyeyushwa tena na maji ya bahari asubuhi, maana gramu 35 ziko mbali sana na kiwango ambacho maji hayawezi kubeba zaidi. Anayetoka kila alfajiri anaisuuza mashine yake kwa bahari, ingawa ulikaji wa metali hausimami hata kidogo. Hatari kubwa huja mashine inapopumzika: siku za maji mafu ambapo baadhi ya wavuvi hawatoki, wiki za kusi kali, mwezi ambao nyavu zinashonwa, siku ambazo mmiliki amesafiri na funguo. Hapo chembe hukauka, hukua, hushika mchanga na uchafu, na siku mashine inapowashwa njia imekwisha ziba.

Kutokana na hilo napata kanuni ambayo vitabu havitaitaja, kwa sababu vitabu huandikwa kama vile maji hayaishi. Bora ni kusuuza kila safari. Maji yakiwa machache, isuuzwe kila mashine inayokwenda kulala zaidi ya siku moja, bila kukosa. Na mashine iliyozama, ikatolewa chini ya bahari, ipewe maji ya mtu yeyote aliye karibu, mara moja, kabla ya mazungumzo mengine, kwa sababu chuma kilicholowa chumvi kikipata hewa huanza kuharibika saa hiyo hiyo.

Tukija kwenye namna za kusuuza, ya zamani kuliko zote ni pipa. Mguu wa mashine huingizwa ndani ya pipa lililokatwa, maji yafike juu ya bamba lililo juu ya propela, mashine iwashwe ikiwa haiko kwenye gia, izunguke taratibu dakika kumi hivi. Ni njia nzuri kwa sababu pampu yenyewe ndiyo inayosukuma, injini hupata joto, thamostati hufunguka na maji hupita njia zote. Propela ivuliwe kwanza, hasa pale watoto wanapozunguka, na watoto huzunguka kila mahali penye mlio. Kazi ifanyike nje. Moshi wa mashine ndani ya banda lililofungwa unaua. Tatizo la pipa ni maji yake mengi, na kwa mashine ya kilo 70, mgongo wa anayeinyanyua.

Ya pili ni vikombe viwili vya mpira vilivyounganishwa kwa waya unaobana, vinavyowekwa juu ya matundu ya kunyonyea maji na kuunganishwa na mpira wa bomba. Hapa mashine huwashwa pia, kwa mzunguko wa chini tu. Kwa mahoteli, shule za kuzamia na vilabu vya boti vya Mombasa au Dar es Salaam, hakuna rahisi kuliko hii. Kwa mvuvi ina hatari: shinikizo la bomba likishuka au kikombe kikiteleza, pampu huzunguka kavu, na mpira wake huungua katika muda mfupi kuliko wa kukimbia kwenda kuzima mashine. Maji yatangulie kabla ya kuwasha, na jicho lisitoke kwenye tundu dogo la pembeni ambalo hutema maji kuonyesha kwamba yanazunguka.

Ya tatu ndiyo ninayoiona ina mustakabali kwenye madiko yetu. Mashine nyingi za miaka ya karibuni, hasa zile za mipigo minne, zina mdomo maalumu wa kupokelea mpira wa maji, na husuuzwa zikiwa zimezimwa. Hakuna propela inayozunguka, hakuna petroli inayoungua, hakuna pampu ya kuunguza, na boti inaweza kubaki kwenye nanga. Baadhi ya mashine za zamani zina skrubu pembeni mwa mguu inayofunguliwa ili kufunga kiungo cha mpira. Nyingine hazina kitu, na kwa baadhi yake fundi anayeijua njia ya maji ya aina hiyo anaweza kupachika kiungo cha T kwenye mrija wa maji ya kuonyesha. Kiungo hicho kiwe na kizibo kinachokaza sawasawa. Kikivuja safarini kinaiibia injini maji ya kupoza.

Njia hii ina udhaifu mmoja wa kweli. Mashine ikishapoa, thamostati hufunga, na maji yanayoingizwa huenda yasifike kila kona. Kwa hiyo isuuzwe ikiwa bado ina joto la safari, papo hapo baada ya kufunga nanga, kabla samaki hawajaanza kushushwa. Anayesubiri mpaka baada ya mnada anasuuza nusu ya mashine.

Sasa maji. Hapa ndipo hesabu kidogo inapobadilisha kila kitu. Tuchukulie kwamba mashine ikiinuliwa, ndani yake hubaki lita moja ya maji ya bahari, yaani gramu 35 za chumvi. Ukiizungusha ndani ya pipa la lita 100, chumvi hiyo husambaa, na maji yanayobaki ndani ya mashine mwishoni huwa na kama theluthi moja ya gramu kwa lita. Ni matokeo mazuri, kwa lita 100. Ukichukua lita 18 na kuzipitisha zote kwa mkupuo ndani ya chombo kimoja, hubaki karibu gramu 1.8. Lakini ukizigawa mara mbili, lita tisa, ukaacha zimwagike zote, kisha tisa nyingine, unapata theluthi ile ile ya gramu iliyopatikana kwa pipa zima. Ukizigawa mara tatu, lita sita kila mara, hubaki gramu 0.1 tu. Kila anayesuuza nguo za mtoto anajua kwamba maji machache mara tatu hutakatisha kuliko beseni moja kubwa. Kwenye mashine watu hulisahau hilo kwa sababu wameona picha ya mpira wa bomba ukimwaga bila kikomo.

Hesabu hiyo inadai kwamba maji yachanganyike vizuri kila awamu, na ndani ya njia nyembamba hayachanganyiki vizuri hivyo. Basi kati ya awamu na awamu, mashine ipewe dakika tatu au tano ili chembe ziyeyuke, na isimame wima ili maji yashuke yote. Kuna mazoea ya kuiinua mashine upesi ili mguu utoke baharini. Ikiinuliwa kabla ya kudondosha maji yake, yanabaki kwenye mabonde ya ndani na kukaukia humo. Lita 18, awamu tatu, kisha lita mbili zilizobaki kwenye dumu zilowanishe kitambaa cha kufutia nje: kifuniko, bawaba, vibano, sehemu ambapo usukani hujigeuza. Kwenye injini yenyewe, chini ya kifuniko, maji yasimwagwe; kitambaa chenye unyevu na mafuta kidogo ya kupuliza vinatosha.

Dumu moja, basi. Na si lazima lote liwe la maji ya kunywa. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi ambayo hakuna anayeyapikia. Kisima chenye gramu tatu kwa lita ni kibaya kwa chai, lakini kikilinganishwa na bahari ni kitamu mno. Awamu mbili za maji hayo na ya tatu ya maji ya mvua, lita sita tu, hushusha chumvi iliyobaki hadi karibu nusu gramu kwa lita. Nimejiridhisha kwamba hii ndiyo nukta inayofungua mlango kwa visiwa vya Lamu, ambako jabia hukusanya mvua kwa ajili ya vinywa vya watu na hakuna mwenye akili atakayekwenda kuchota humo kwa ajili ya mashine.

Dumu hulifikiaje tundu la mashine iliyo kwenye nanga? Majahazi na mashua zinazotumia mashine kama msaidizi zina mlingoti. Dumu lenye koki na mpira wa maji likipandishwa kwa henza mita tatu juu, uzito wa maji wenyewe hutoa shinikizo la kutosha kwa mashine iliyozimwa. Boti za faiba hazina mlingoti. Zile zenye betri zinaweza kutumia pampu ndogo ya volti 12, ile ile ya kutolea maji yanayoingia chomboni, ikatumbukizwa ndani ya dumu lililokatwa mdomo na kusukuma maji kwa dakika moja au chini yake. Pampu hiyo iwe ya kazi hii peke yake, isije ikanyonya mafuta na maji ya bahari kutoka chini ya mbao na kuyaingiza kwenye injini. Nimeona pia wazo la kutumia bomba la mgongoni la kunyunyizia dawa mashambani, la lita 16, jipya lisilowahi kuguswa na sumu. Shinikizo lake ni zuri lakini mwendo wake wa maji ni mdogo. Kwa nguvu-farasi 15 linaweza kufaa, kwa 40 maji yatateremka upande mmoja wa ukuta bila kujaza njia. Kwa kuosha nje ni zuri sana.

Wanaokaa midomoni mwa mito wana bahati nyingine. Pangani, delta ya Rufiji, Kipini ambako Tana humwagikia: chombo kikipanda mto kabla ya kurudi nyumbani, mashine hujisuuza yenyewe kwa gharama ya petroli kidogo. Ila maji chumvi hupanda mto wakati wa kujaa, kilomita kadhaa, na maji mazito ya bahari hutambaa chini huku mepesi ya mto yakielea juu. Safari hiyo ifanywe maji yakipwa, na tope lisiwe jingi, maana mchanga laini hula mpira wa pampu.

Viko vyanzo vidogo ambavyo hupotea bure. Viyoyozi vya hoteli na ofisi za pwani hudondosha maji yasiyo na chumvi kabisa mchana kutwa, na mara nyingi mrija wake humwagia ukutani. Barafu iliyobaki ndani ya kasha bila kuguswa na samaki ni maji baridi ambayo tayari yamo ndani ya boti. Sivitegemei hivi kwa diko zima. Kwa chombo kimoja kimoja vinatosha.

Kwa diko zima, jibu liko juu ya paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Banda la mnada lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 10 lina mita 200 za mraba za bati. Lamu hupata chini kidogo ya milimita 1,000 kwa mwaka. Tuseme 900, na tutoe sehemu ya tano kwa hasara. Hubaki lita 144,000. Kwa lita 20 kila mashine, hizo ni suuza 7,200: mashine 20, kila siku, karibu mwaka mzima. Unguja, yenye mvua nyingi zaidi, hupata zaidi ya hapo. Kinachokwamisha ni pa kuyaweka, kwa kuwa mvua haigawanyi zawadi zake sawasawa. Masika hufurika, kisha hukaa kimya. Tangi la plastiki la lita 10,000 hushika suuza 500, yaani siku 25 kwa mashine hizo 20. Matangi mawili yakiunganishwa na vuli ya wastani hubeba diko dogo sehemu nzuri ya mwaka, likiongezewa kisima cha chumvichumvi kwa awamu za kwanza. Mifereji ya bati, kichujio cha wavu, tangi, na mabomba yanayoshuka hadi kwenye mstari wa maji kujaa: hivyo ni vitu vinavyouzwa katika kila mji wa pwani na fundi bomba yeyote huvifunga.

Serikali zetu zimekuwa zikikopesha na kugawa boti za faiba pamoja na mashine zake chini ya mipango ya uchumi wa buluu, Zanzibar na Tanzania Bara, na Kenya kupitia vikundi vya usimamizi wa fukwe, yaani BMU. Ni jambo jema na linaweza kuinua maisha ya watu wengi. Ningependa kila mkataba wa aina hiyo utaje, pamoja na maboya ya kujiokolea na nyavu, kiungo cha kusuuzia cha mashine hiyo hiyo, mpira wa maji, dumu lenye koki, mpira wa akiba wa pampu, na paa lenye mfereji mahali boti itakaporudi. Mkopo wa miaka kadhaa uliofungwa kwenye mashine inayokufa kabla ya mkopo kwisha humwacha mvuvi na deni la chuma.

Kuna jambo linalozungumzwa kidogo sana, nalo ni mgao. Katika pwani yetu, safari ikirudi hutolewa kwanza gharama: petroli, oili, barafu, chambo, chakula. Kinachobaki hugawanywa mafungu, la mwenye chombo na mashine, na la nahodha na mabaharia. Viwango hutofautiana diko kwa diko. Tazama basi nani anasuuza na nani anaumia. Anayebeba dumu saa kumi na moja jioni ni baharia aliyekesha. Mashine ikifa baada ya miaka mitatu badala ya minane, hasara ni ya tajiri aliye nyumbani, na baharia yule huenda wakati huo yumo chombo kingine. Tajiri naye hulalamika kwamba vijana hawaitunzi mali, lakini hajawahi kuyahesabu maji wala kazi ya kuyabeba. Hakuna kifaa kitakachotibu hilo. Dumu la maji liingie kwenye gharama za safari, pamoja na petroli, kabla ya mgao, na mkono unaosuuza ulipwe kama unavyolipwa mkono unaobeba tenga kwenda mnadani.

Na si lazima uwe mkono wa baharia. Kila mji una vijana wanaoosha bodaboda kwa ndoo mbili na sabuni. Kijana wa diko mwenye mtumbwi mdogo, madumu matano, mpira wa maji na viungo vya aina tatu au nne za mashine zinazotumika hapo anaweza kuvipokea vyombo vinapofunga nanga, mashine zikiwa na joto, na kusuuza moja wakati nyingine inasubiri dakika zake tano. Kazi hii haitaki leseni ya fundi. Inataka ajue tundu la kila mashine liko wapi, asisahau kurudisha kizibo, na aandike tarehe kwenye daftari. Daftari hilo lingekuwa na thamani siku ya kuuza, maana mashine zilizotumika huuzwa na kununuliwa mara nyingi, nyingine zikavuka bara hadi Ziwa Victoria au Tanganyika. Kule kwenye maji baridi hakuna atakayeisuuza tena, na chumvi iliyokwisha kujificha chini ya ukoko huendelea na kazi yake huku mnunuzi akiamini kwamba ameiepuka bahari. Afungue kifuniko cha thamostati kabla ya kutoa fedha.

Uongozi wa tangi ukae kwa wavuvi wenyewe, kupitia BMU au kamati ya diko, na funguo zisikae kwa mwenye boti nyingi kuliko wengine. Waandike mapema utaratibu wa miezi ya kiangazi, Januari hadi kabla ya masika. Tangi likifika nusu, awamu mbili za kwanza ziwe za kisima. Likifika robo, maji ya mvua yapewe mashine zinazokwenda kulala na zile zilizozama tu. Na nyumba jirani ikikosa maji ya kunywa, koki ya mashine ifungwe mpaka mvua inyeshe.